Mara Tatu Nilimwambia Termine

Fonisti, mtu wa kuita watu wa mbali kwa redio, alivua vile vidude vya masikioni, akaviweka juu ya meza, akaniambia kile kituo alikokuwa kijana wangu hakijibu tena. Tangu jana yake alikuwa anakiita asubuhi na mchana, hakuna sauti. Foni ya Kabongo, jirani yao, ilisema misioni ya kule imebaki tupu, na treni ya askari ilikwenda mbele na watu wa reli waliokuwa ndani yake, haikurudi. Ilikuwa Jumamosi, siku yetu ya kuongea. Nilikuwa nimesuka nywele upya na kufunga kikwembe, kitenge changu cha kanisani, kama vile kwenye foni muntu anaweza kukuona.

Nikamwambia fonisti ajaribu tena, maana kijana ataniita, Jumamosi njo siku yetu. Yeye akawatazama kwanza waliokaa kwenye benchi wakingoja zamu, kisha akanigeukia mimi.

"Akuite juu ya nini, dada? Weye mwenyewe njo ulimufungia. Mara tatu. Termine, termine, termine. Ulizani termine iko nini?"

Nikajibu kwamba ni lile neno la mwisho, la kuonyesha umemaliza kusema. Kama amina kwenye maombi.

Benchi zima likacheka. Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa. Fonisti akanieleza huku anajifuta macho: kwenye foni, ukimaliza maneno yako na unataka mwenzako ajibu, unasema avu, ni Kifaransa, maana yake zamu yenu. Termine ni kufunga. Ukisema termine, hutaki kusikia kitu kingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa ninamwambia yule kijana kwa majuma matatu.

Ninaandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, na anayetaka kuyacheka maandiko yangu acheke sasa, amalize. Watu wa Kamina waliokuwa wakubwa wakati ule wanaijua hadithi ya dada termine. Waliipokea kwa kicheko, na kwa upande mmoja tu. Wasikie upande wangu.

Baba alikuwa mtu wa reli, wa kutengeneza njia. Alipokufa niliacha shule katika darasa la nne, nikakaa na mama pale gare, kwenye stesheni ya treni, tunauza chai na mikate ya kukaanga. Karatasi za kufungia hazikuwepo. Mama alisema daftari zangu za shule zinakaa bure sandukuni, afadhali zifanye kazi. Basi kila mteja aliondoka na mkate mmoja na ukurasa mmoja wa utoto wangu, na kalamu nyekundu ya mwalimu juu yake.

Siku moja treni ya kutoka upande wa Kabalo ilifika na mashine mbovu, ikalala Kamina siku tatu. Kijana alikuja mezani kwetu kuomba maji ya kunawa mafuta mikononi. Kazi yake ilikuwa breki: alipanda juu ya mabehewa na kukaza lile gurudumu la chuma kwa mikono, treni ikiteremka mlima. Alikuwa mtoto wa reli kama mimi. Baba yake alitoka mbali, mama yake alitoka mbali kwingine, wakakutana katika Kiswahili kwa sababu hawakuwa na mahali pengine pa kukutana. Alinunua mkate, akaula amesimama, kisha nikaona anaisoma karatasi.

"Dada, hii maandiko iko ya nani?"

Nikamwambia ni yangu, ya zamani.

"Mwalimu alikupa tatu juu ya kumi."

Nikamwambia mkate haukupewa tatu, na kama haumpendezi aurudishe. Ulikuwa umeshaisha. Akacheka kidogo, si kile kicheko cha wafanyakazi wa reli ambacho kinaanza kwako na kuishia kwa wenzake. Alicheka peke yake, akakunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati.

Kesho yake alirudi, mama akiwa ameinama anapuliza moto.

"Ninakuya kutafuta ukurasa wenye kufuata," akasema. "Ile ya jana ilikatika. Mbuzi ya mwalimu ilikuwa imeingia mu shamba. Sijue kama walimukamata."

Lilikuwa zoezi la imla, ambalo hata mimi nililisahau. Nikaanza kupekua daftari mbele ya wateja, natafuta mbuzi. Mama akasema bila kuinua kichwa kwamba huyu hana njaa ya mkate. Nikaona haya mpaka masikioni, lakini ukurasa niliupata. Walimkamata mbuzi. Nilikuwa nimeandika "walimukama", kwa hiyo kwangu mimi walimkama, na mwalimu akazungushia duara. Kijana alisema afadhali hivyo, maana mbuzi wa kukamwa haadhibiwi.

Tuliongea siku ile kama saa moja. Ukiniuliza tuliongea nini nitakwambia mambo ya bure: jinsi juu ya behewa kulivyo baridi asubuhi, jinsi watoto wa Kabongo wanavyokimbia na treni, jinsi mama yangu anavyohesabu mikate kwa kuigusa. Nilikuwa sijawahi kuongea na mwanaume saa nzima bila yeye kuniomba kitu.

Siku ya tatu mashine ikatengenezwa. Tangu asubuhi nilijua wataondoka, na tangu asubuhi nilikuwa natafuta neno. Msichana wa familia ya kanisa hamwambii mwanaume rudi. Hamwambii nitumie habari. Akisema hivyo, mchana huohuo mama zake wote wa kwaya wanajua. Kijana alikuja kunywa chai ya mwisho. Nikammiminia katika kikombe cha bluu, cha chuma, kilichomeguka rangi kwenye mdomo, ambacho hakikuwa cha wateja. Kilikuwa cha mama. Filimbi ikalia kabla hajafika nusu. Akataka kuimeza chai mbio anirudishie.

"Uende nayo," nikamwambia. "Utairudisha."

Akanitazama. Kwetu, chombo cha mtu hukirudishi kitupu. Ukiazima sahani kwa jirani, itarudi na unga kidogo, ao karanga, hata majani ya mihogo. Mama yake alimlea hivyohivyo, niliona usoni kwamba ameelewa. Alipanda na kikombe mkononi, chai inamwagika, na wenzake wanapiga kelele juu yake. Mama alingoja treni ipite. Kisha akasema kwamba kile kikombe alipewa siku ya ndoa yake, na kwamba anatumaini nimechagua vizuri.

Kikombe kilirudi baada ya majuma mawili, mkononi mwa dereva wa treni mzee, kimefungwa kitambaa. Ndani mlikuwa na samaki wadogo wa kukauka. Na mimi sasa nisikirudishe kitupu. Nikakijaza karanga, na juu ya karanga nikaweka ukurasa wa daftari. Kikaenda. Kikarudi na mawese. Kikaenda na mkate na ukurasa mwingine, kikarudi na asali ya msituni, nyuki mmoja amekufa ndani. Watu wa treni walikizoea. Walikuwa wakifika wanamwita mama kwa mbali, mukwe, kikombe chenu kimefika, na mama anawatukana huku anafuta mikono haraka akakipokee.

Safari moja kilirudi na boliti. Boliti moja ya chuma, mpya, imepakwa grisi, basi. Dereva alieleza kwamba treni ilikuwa imekwama mahali pasipo na kijiji, kijana hakupata kitu cha kutia ndani, na alikataa kikombe kisafiri kitupu. Mama aliigeuzageuza ile boliti. "Huyu anataka kuoa," akasema, "ao anataka kutengeneza gari?" Aliiweka dirishani, na kila mgeni akaonyeshwa.

Halafu daftari zikaisha. Darasa la nne si mbali. Nilikaa na ukurasa mweupe siku mbili, na karanga tayari zimo kikombeni. Hakukuwa na mwalimu wa kunisomea imla. Mwishowe niliandika mstari mmoja, na kuufuta, na kuuandika tena: Treni yenu ikipita hapa, usipite mbio. Nilijua kuna makosa ndani yake, sikujua yako wapi. Jibu lake lilikuja nyuma ya karatasi hiyohiyo. Alikuwa amechora duara kwa kalamu nyekundu, sijui aliitoa wapi, duara moja limezunguka mstari mzima, na pembeni ameandika kumi juu ya kumi.

Hayo yalikuwa mapenzi yangu. Hatukuwa tumeshikana hata mkono.

Vita ya pili ilianza mwezi wa nane, mwaka 1998. Ya kwanza ilikuwa imetupita juu ya kichwa, hii ilikaa. Askari wakajaa Kamina, wetu na wa nchi zingine, na treni zikawa zao. Njia ya kaskazini ikakatwa vipandevipande. Mkuu wa depo alipewa amri ya kutoa wafanyakazi wa kuendesha treni za askari. Aliandika orodha akaanza na wasio na wake. Alikuwa na mtoto wa ndugu yake, kijana wa kazi ileile ya breki, asiye na mke. Yule hakuandikwa. Ninalisema kwa sababu orodha iliandikwa kwa wino, na watu waliiona imebandikwa mlangoni.

Kijana wangu alipelekwa na treni mpaka kituo kidogo baada ya Kabongo, wakasimama hapo wakingoja amri. Kikombe kilikuwa kwake. Hakikuwa na njia ya kurudi.

Lakini kwenye kile kituo misioni ilikuwa na foni, na Kamina palikuwa na foni ya biashara karibu na soko: chumba kimoja, antena juu ya mti mrefu, betri ya lori chini ya meza, na fonisti. Simu hatukuwa nazo. Anayetaka kuongea na mtu wa mbali alikwenda pale, fonisti anaita, anaita, mpaka upande wa pili ujibu. Sauti haikuingia sikioni mwako peke yako. Ilitoka kwenye boksi na kujaa chumba, na wote wa kwenye benchi walisikia: nani amefiwa, nani amezaa, mume wa nani ameonekana na nani. Watu wengine walikuja kukaa bila kuwa na wa kumwita. Vita ilikuwa imewanyima kazi, foni ikawa senema yao.

Kijana alituma neno kwa mkimbizi mmoja kwamba ataniita Jumamosi asubuhi. Nilikwenda mapema. Mbele yangu mfanyabiashara wa chumvi aliongea na watu wake wa Kaniama, anasema Kifaransa na Kiswahili vimechanganyika, na mwisho kabisa akasema kwa sauti nzuri, termine, akamrudishia fonisti kile cha kusemea. Nikajiambia, njo neno la heshima. Nikaliweka tayari mdomoni.

Sauti yake ilitoka kwenye boksi kama inakaangwa. Aliniuliza kama ninampata, kama niko mzima, kama mama yuko mzima. Nilitazama benchi. Wote walikuwa wananitazama mdomo. Nikasema tuko salama, mama anamsalimia, hakuna mupya. Nikamaliza kwa heshima: termine. Boksi likanyamaza. Fonisti wa kule alifunga, maana na kwao watu walikuwa wanangoja. Nilifikiri ni betri.

Fonisti wa kwetu alijua. Nilimwona anatabasamu, nikafikiri anafurahi kwa ajili yangu.

Jumamosi ya pili benchi lilikuwa limejaa, na wengine walisimama. Sikujiuliza kwa nini. Sauti yake ilikuwa ya chini zaidi.

"Siku ile ulifunga mbio. Sikukasirika. Ninauliza tu, kuko muntu mwingine? Avu."

Kuna namna mbili za kulisikia neno lile, na mimi nililisikia kwa macho. Nikageuka nikatazama: mama mwenye mtoto, wazee wawili, fundi wa cherehani pale barazani, wengine mlangoni. Nikafikiri anataka kujua kama tunasikilizwa, ili achunge maneno yake. Nikaona ana akili.

"Ndiyo, yaya," nikamjibu, kama tunavyomwita kaka. "Kuko. Termine."

Chumba kilipasuka kwa kicheko, na kicheko kile kiliingia kwenye foni kabla haijafungwa, kikaenda mpaka kwake. Nilicheka nao. Mungu anisamehe, nilicheka nao, maana nilifikiri wanachekea kwamba nimewasema.

Jumamosi ya tatu hakusalimia. Alisema mkubwa wa askari anataka watu watatu wa breki waende mbele na treni. Wasiokwenda wanaweza kurudi Kamina kwa baiskeli, kwa njia za porini, siku sita ao saba. Alisema anaweza kuchagua, bado.

"Niambie weye. Nirudi, ao niende na bengine? Avu."

Hilo ndilo swali la maisha yangu, na nilipewa mbele ya watu kumi na nne, kile cha kusemea kikiwa kinanuka mate ya wengine. Nilitaka kusema rudi. Neno lilifika hapa kooni. Lakini nikawaza mama zangu wa kwaya, nikawaza jinsi litakavyotembea sokoni, msichana amemwita mwanaume kwa sauti. Nikajiambia yeye anajua moyo wangu, ana mstari wangu, aliuzungushia duara.

"Weye njo unajua," nikasema. "Fanya vile roho inakuambia. Termine."

Jumamosi ya nne ni ile niliyoanza nayo.

Sitaeleza sana yaliyofuata. Njaa ilikuja, nikamzika mama, nikaolewa na mwalimu mmoja, mtu mpole, naye nikamzika. Nimelea watoto watano, wawili si wangu. Habari ya kile kituo nilikuwa nimeifunga kwa namna moja: nililaumu mdomo wangu. Nilisema ni ujinga wa darasa la nne. Nilikaa na mzigo huo miaka mingi, na wenzangu walionicheka waliniachia niubebe.

Halafu nikampelekea yule fundi wa cherehani kitambaa cha harusi ya binti yangu. Ni mzee sasa, ana miwani iliyofungwa uzi. Alipima mabega ya binti, akaandika, akamwambia binti akatununulie uzi mweupe. Tulipobaki wawili alizima mashine.

"Mama," akasema, "kuko kintu nilibakia nayo. Sitaki kufa nayo."

Akanieleza kwamba juma lile la mwisho, Alhamisi, kabla treni haijaondoka, kijana aliita. Haikuwa siku yake. Fundi alikuwa barazani, anasikia kila neno. Kijana aliomba niitwe. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya soko, mtu anakwenda na kurudi kabla chai haijapoa, na kila anayeitwa kwenye foni hutumiwa mtu wa kumleta. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Fonisti akasema hana wa kutuma. Kijana akasema atangoja. Kisha akasema kama haiwezekani, basi niulizwe neno moja tu, kwa niaba yake. Fundi aliyarudia maneno yenyewe.

"Mumuulize kama anajua termine iko nini."

Alikuwa ameshatambua. Amekaa kule siku zile zote, analigeuza lile neno, anakumbuka daftari zangu, na amefika mwenyewe kwenye kosa langu. Ilibaki mtu mmoja kusema hapana, hajui.

Fonisti aliwatazama watu wa benchi, akakonyeza jicho, akabonyeza.

"Anajua muzuri," akamjibu. "Iko hapa mbele yangu. Anasema hataki kuongea. Termine."

Nilikuwa nyumbani, nasafisha karanga.

Nilikwenda kwa fonisti juma lililofuata. Ana duka sasa, zuri, na kanisani anakaa benchi la mbele. Alinipa kiti, akaniita mama, akaniletea soda ambayo sikuigusa. Nilimuuliza. Hakukana. Alisema ilikuwa wakati wa vita, watu walikuwa na mateso mengi, walikuwa wanatafuta tu kitu cha kuchekesha. Alisema tulikuwa vijana. Alisema hata angeniita, nani anajua, labda kijana angekwenda vilevile. Kisha akaingia mteja, akainuka kumpimia sukari.

Askari waliokuwa kule mbele siwajui kwa sura, wa upande wowote. Mkuu wa depo amekufa, na orodha yake anaijibia mahali pengine. Mdomo wangu niliuadhibu mimi mwenyewe, miaka ya kutosha. Wewe, fonisti, uko hai. Unanijua na ninakujua, na nyumba yako naiona nikisimama mlangoni kwangu.

Sikuombi soda wala pole. Nataka Jumapili moja, ibada ikiisha, kabla watu hawajatawanyika, usimame kwenye benchi lako la mbele na useme kwa sauti yako yenyewe kijana yule alikuuliza nini siku ya Alhamisi, na wewe ulimjibu nini kwa jina langu. Wengi waliocheka watakuwepo. Fundi ataketi karibu na mlango, ameniahidi. Na ukishasema hayo, nigeukie, unijibu mimi: nani alikutuma unijibie?